Jinsi ya kutengeneza kitabu cha katuni cha kuchekesha kwa ajili ya darasa: kurasa 16 kwa karatasi nne za A4

Walimu na wazazi mnaoniandikia, shida zenu nyingi zinafanana. Mtu kachora vizuri tu, katoa kopi, kapeleka darasani, watoto wanamwangalia. Au wamecheka jalada basi. Au kitabu kimetoka steshenari ukurasa wa 3 umekaa baada ya wa 12 na hela ishalipwa.

Hilo la kurasa tutalimaliza huko mbele, ni hesabu ndogo. La watoto kutocheka ndo kubwa, na karibu kila nikiangalia kazi nakuta kitu kilekile: hadithi imeandikwa yote kwa maneno halafu picha zikapachikwa baadaye, kwahiyo maneno yanasema "Tatu alianguka" (Tatu ni jina la msichana) na picha inaonyesha Tatu kaanguka, sasa mtoto acheke nini hapo? Katuni inachekesha pale maneno yanaposema hivi na picha inasema vingine, na mtoto anajua kitu ambacho mhusika mwenyewe hajui. Mwongozo wote huu unazunguka hapo.

Tunatengeneza kitabu cha A5 (yaani A4 iliyokunjwa katikati), nyeusi na nyeupe, kwa watoto wa darasa la kwanza mpaka la tatu. Nitatumia mfano mmoja mwanzo mwisho, Tatu katumwa dukani, ili usipotee.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Karatasi A4 nyeupe. Rimu moja ina karatasi 500, kitabu kimoja kinakula 4, kwahiyo rimu inatoa vitabu 125.
- Penseli laini, ufutio, rula.
- Kalamu mbili nyeusi zisizochuja, moja nyembamba ya 0.5 na moja nene ya 0.8, na maka moja nyeusi ya kujazia sehemu kubwa.
- Wino mweupe wa kufutia, gundi, mkasi.
- Stepla ya kawaida na pini zake, au sindano na uzi imara.
- Kandambili moja iliyokufa na kijiko. Sitanii, tutavihitaji.

Rangi usinunue. Kopi ya rangi inapandisha gharama na mtoto hachekeshwi na rangi, anachekeshwa na sura ya kuku.

## Hatua ya 1: Tafuta kichekesho kwanza, hadithi itakuja

Wengi mnaanza na funzo. "Nataka hadithi ya kuwafundisha watoto utii." Ukianza hivyo umeshapoteza, sababu mtoto wa miaka saba ananusa mahubiri toka mbali.

Anza na jambo la kipuuzi ambalo mtu mmoja analichukulia siriasi sana. Mfano wetu: Mama anamtuma Tatu dukani akalete sukari, chumvi na kiberiti, anampa noti ya elfu kumi. Tatu anaimba orodha njiani asisahau. Anatumbukia mtaroni, orodha inavurugika kichwani, anafika dukani anataka sufuria, chura na kibuyu.

Unaona silabi zinavyofanya kazi? Su-kari, su-furia. Chu-mvi, chu-ra. Ki-beriti, ki-buyu. Mtoto anayejifunza kusoma kwa silabi atalinasa hili haraka kuliko wewe, na ni kichekesho cha Kiswahili chenyewe, hakikutoka popote.

Sasa ongeza siri ambayo msomaji anaiona na mhusika haioni. Kwetu ni kuku. Noti inamdondoka Tatu, kuku wa kishingo (yule asiye na manyoya shingoni) anaiokota, anamfuata Tatu safari nzima na noti mdomoni, na hakuna neno hata moja kwenye kitabu linalomtaja huyo kuku. Yuko kwenye picha tu. Watoto watakuwa wanapiga kelele "nyuma yako! nyuma yako!" na hapo ndo darasa linakuwa lako.

Angalizo. Usichekeshe kwa unene, ulemavu, ualbino, umaskini wala lafudhi ya kabila la mtu. Kitabu kikifika darasani kicheko kinamgeukia mtoto mmoja aliyekaa pale pembeni na huwezi kukirudisha. Na jina la mhusika lisiwe la mtoto yeyote wa darasa hilo, angalia daftari la mahudhurio kwanza.

Umefanikiwa ukiweza kumsimulia mtu hadithi kwa sentensi mbili na akatabasamu kabla hujachora chochote.

## Hatua ya 2: Panga kurasa, na hapa usikimbie

Chukua karatasi moja chakavu, chora vijiboksi 16, viandike namba. Hii ndo ramani. Ukurasa wa 1 ni jalada, wa 2 ni jina la kitabu na jina lako, wa 16 ni jalada la nyuma. Hadithi inakaa kuanzia 3.

Kitabu kikifunguliwa, namba witiri (3, 5, 7) ziko mkono wa kulia na namba shufwa (4, 6, 8) ziko kushoto. Maana yake mtoto akimaliza ukurasa wa 5 lazima afunue ndo auone wa 6. Huko kufunua ni silaha yako. Swali linakaa ukurasa witiri, jibu linakaa ukurasa shufwa. Ukiweka swali ukurasa wa 6 na jibu wa 7, jicho la mtoto linaona vyote kwa mpigo na kichekesho kimekufa.

Angalia wetu ulivyokaa:

- 3: Mama anamtuma Tatu, kamwinulia kidole, "Usisahau!"
- 4: Tatu anaondoka mbio, "Sukari, chumvi, kiberiti!"
- 5: Mkono unapunga kwa furaha, noti inachomoka. Kuku pembeni kageuza shingo.
- 6: Kuku ana noti mdomoni. Tatu yuko mbele, anaimba.
- 7: Tatu karuka juu, miguu hewani. Chini yake mtaro wa maji, ndani ya mtaro kuna chura.
- 8: CHUBWI! Ukurasa mzima.
- 9: Tatu kaloa chepechepe, "Su... su..."
- 10: "Sufuria! Chura! Kibuyu!"
- 11: Dukani. Mangi (mwenye duka) kainama juu ya kaunta, "Hela iko wapi?" Tatu kafungua kiganja, kitupu.
- 12: Kuku kasimama juu ya kaunta, anamkabidhi Mangi noti.
- 13: Tatu kafika nyumbani na sufuria yenye mfuniko, "Mama, nimeleta vyote!"
- 14: Mama kafunua, chura kamrukia usoni.
- 15: Mama, chura yuko juu ya kilemba chake, "Na chenji iko wapi?"
- 16: Jalada la nyuma, hakuna neno. Kuku kaatamia sarafu.

Wa 8, 12, 14 na 16 vyote ni vya kufunua. Wa 16 ndo naupenda zaidi, sababu watu wengi jalada la nyuma wanaliacha tupu au wanajaza maelezo ambayo hakuna mtoto atasoma.

Na huyo chura mmuone, yuko kwenye picha toka ukurasa wa 7. Akija kuchomoka kwenye sufuria ukurasa wa 14 kuna mtoto atarudi nyuma mwenyewe kumtafuta katokea wapi, yaani anasoma mara ya pili bila kuambiwa.

Umefanikiwa ukiweza kuziba maneno yote kwa kidole na bado hadithi ikaeleweka kwa picha.

## Hatua ya 3: Tengeneza wahusika kwa maumbo ambayo utaweza kuyarudia

Tatu utamchora karibu kila ukurasa. Ukimpa nywele za mitindo, gauni la maua na viatu vya kamba, ukifika ukurasa wa 9 umechoka na sura imeshabadilika, watoto wanauliza huyu ni nani tena.

Mpe kichwa cha duara, mabutu mawili, gauni lenye kiraka kimoja cheusi. Basi. Kuku mpe shingo isiyo na manyoya, umbo lake linajulikana hata akiwa mdogo kule nyuma ya picha. Mama mpe kilemba kikubwa. Jaribu hivi: jaza kila mhusika weusi mtupu na maka. Kama bado unajua nani ni nani kwa kivuli tu, uko sawa.

Halafu karatasi moja pembeni, mchore Tatu akiwa na furaha, hofu, mshangao, hasira na aibu. Badilisha nyusi, macho na mdomo tu, vingine viache. Kuku hana nyusi, kwahiyo mpe mstari mmoja wa kope juu ya jicho, ukiulaza anakuwa kama amechoshwa na dunia nzima na hiyo sura pekee inabeba nusu ya kitabu.

## Hatua ya 4: Maneno na viputo, hapa ndo vitabu vingi vinafia

Maneno ya Kiswahili ni marefu. "Amenitengenezea" ni neno moja tu na limeshamaliza kiputo (kile kiduara chenye maneno ya mhusika). Kwahiyo:

Andika herufi kwanza, kiputo kizungushie baadaye. Ukichora kiputo kwanza herufi zitabanana mwishoni au zitapanda ukutani. Hili watu wanalisoma, wanakubali, halafu wanachora kiputo kwanza.

Maneno manane kwa kiputo ni mwisho, mistari isizidi mitatu. Mhusika akiwa na mengi ya kusema mpunguzie. Mama hahitaji kusema "Mwanangu Tatu, tafadhali nenda dukani ukaniletee..." Kainua kidole, "Usisahau!", inatosha, mtoto anamjua mama.

Tumia herufi ndogo za kawaida, kubwa mwanzoni mwa sentensi na kwenye majina tu. Najua katuni nyingi zinaandikwa herufi kubwa tupu, lakini mtoto wa darasa la kwanza anapata tabu nazo, bado anazoea umbo la neno. Herufi kubwa zibakishe kwa kelele.

Usikate neno mwisho wa mstari. Ikishindikana kabisa kata kwenye silabi: su-furia, sio suf-uria. Na kile kialama cha ng' kwenye ng'ombe kionekane wazi.

Anayeanza kusema akae kushoto. Kama kwenye picha yuko kulia na huwezi kumhamisha, kiputo chake kipandishe juu zaidi ya cha mwenzie. Jicho linasoma juu kushoto kwanza. Mkia wa kiputo uelekee mdomoni, sio tumboni.

Sasa sauti. Jamani, acheni BUM na KRASH. Tuna tanakali (maneno ya kuiga sauti) mpaka za kumwaga. Kuanguka chini pu! Kutumbukia kwenye maji chubwi! Kijiti kimevunjika kacha! Kunyata nyatunyatu. Kimya jii. Kulala fofofo. Na uziweke sahihi, mtaro wenye maji ni chubwi, mtaro mkavu ni pu, ukikosea watoto watakusahihisha mbele ya mwalimu mkuu.

Tanakali ichore, usiiandike tu. CHUBWI yetu imeshika nusu ya ukurasa wa 8, herufi nene zinadondosha matone na ile I ya mwisho imezama nusu. Mtoto ambaye hajui kusoma vizuri anaisoma hiyo kabla ya neno lolote.

Umefanikiwa ukisoma kitabu chote kwa sauti, taratibu, kikaisha ndani ya dakika tatu.

## Hatua ya 5: Chora kwenye A4, utapunguza baadaye

Kila ukurasa mchoro wake uchore kwenye A4 nzima ya wima, halafu steshenari wapunguze kwa asilimia 71, inatoka A5 kamili. Sababu ni kwamba mikwaruzo midogo inapotea ikipungua na mstari unatoka safi.

Ila kumbuka herufi nazo zinapungua. Piga mistari ya penseli, herufi kubwa iwe na urefu wa milimita 8, ikipunguzwa itabaki kama 5 na nusu, inasomeka vizuri. Kalamu nyembamba kuliko 0.5 usitumie, kwenye kopi mstari unakatika katika.

Acha sentimita moja na nusu pembeni pande zote. Mashine nyingi za kopi hazifiki mwisho wa karatasi, na mimi nimeona kuku wengi wamekatwa vichwa kwa sababu hiyo.

Fremu (visanduku vya picha) moja mpaka tatu kwa ukurasa zinatosha, A5 ni ndogo. Epuka kupanga fremu mbili zilizopandana upande wa kushoto halafu moja ndefu upande wa kulia, mtoto akimaliza ya kwanza hajui ashuke au aende pembeni.

Penseli kwanza, wino juu yake, subiri ukauke kabisa, ndo ufute. Ukifuta mapema utapaka weusi ukurasa mzima. Kivuli usipake kwa penseli, kopi inakigeuza kuwa uchafu, tumia mistari mistari au weusi kamili wa maka.

## Hatua ya 6: Mjaribishe mtoto kabla ya steshenari

Kaa na watoto wanne watano, wasiwe wanao peke yao maana wanao watacheka kukufurahisha. Wape kurasa kwa mpangilio, kaa kimya. Usieleze chochote. Ukijikuta unasema "hapa sasa kuku anafanya hivi" ukurasa huo haujakaa sawa, uweke pembeni urekebishe.

Angalia vidole vyao. Kidole kikienda kwa kuku ukurasa wa 6 bila kuambiwa, umeshinda. Kikienda kwenye kiputo cha pili kabla ya cha kwanza, rudi hatua ya 4.

## Hatua ya 7: Kupanga kurasa kwa ajili ya kopi

Hapa ndo kwenye lile balaa la ukurasa wa 3 baada ya 12. Kitabu cha kukunja kurasa hazipangwi 1-2, 3-4. Kila upande wa A4 unabeba kurasa mbili ambazo ukizijumlisha lazima upate 17. Panga hivi, namba ya kwanza ni kushoto:

- Karatasi ya 1: mbele 16 na 1, nyuma 2 na 15
- Karatasi ya 2: mbele 14 na 3, nyuma 4 na 13
- Karatasi ya 3: mbele 12 na 5, nyuma 6 na 11
- Karatasi ya 4: mbele 10 na 7, nyuma 8 na 9

Bandika kurasa zako zilizopunguzwa kwenye A4 nane kwa mpangilio huo, gundi kidogo kwenye kona. Hizo ndo masta zako. Kingo za karatasi zilizobandikwa zikitoa mstari kwenye kopi pitisha wino mweupe.

Nenda steshenari mwambie atoe bak tu bak (pande zote mbili za karatasi), na ageuze kwa upande mfupi wa karatasi. Asipofanya hivyo nyuma itatoka kichwa chini. Toa kitabu KIMOJA kwanza, kikunje hapohapo, hesabu kurasa moja mpaka kumi na sita ukiwa umesimama kaunta. Ndo utoe vingine. Jamaa wa steshenari atakuwa na haraka, wewe usiwe nayo.

Kama unamtumia kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti na sio kama picha. Ukituma kama picha inabanwa, na mistari myembamba inatoka na ukungu.

## Hatua ya 8: Kukunja na kushona

Panga karatasi nne moja juu ya nyingine, zikunje zote pamoja, sugua mkunjo kwa mgongo wa kijiko mpaka ukae.

Stepla ya kawaida haifiki katikati ya A4, ndo maana ya kandambili. Fungua kitabu, jalada litazame juu, laza mkunjo juu ya kandambili. Fungua stepla mkono wake wa chini ukae pembeni, piga pini mbili kwenye mstari wa mkunjo, zinazama kwenye mpira. Nyanyua kitabu taratibu, geuza, lalisha ncha za pini kwa kijiko. Pitisha kidole ukague, ncha iliyosimama itamchana mtoto.

Kwa uzi: toboa matundu matatu kwenye mkunjo. Anzia ndani, sindano itoke nje tundu la kati, iingie la juu, ndani iruke mpaka la chini itoke nje, irudi kuingia la kati. Funga fundo hapo ndani, nyuzi mbili zikiwa pande mbili za ule uzi mrefu. Kinadumu kuliko pini na hakishiki kutu.

## Hatua ya 9: Kukiingiza darasani

Watoto 60 wawili wawili ni vitabu 30, karatasi 120. Wawili kwa kitabu ni bora kuliko mmoja mmoja, sababu kicheko kinahitaji mwenzio wa kumgusa kiwiko. Ukitaka kusoma mbele ya darasa zima chukua zile A4 zako za mwanzo ulizochorea, zikuze asilimia 141 ziwe A3, bandika kwenye manila.

Soma mara ya kwanza bila maswali. Fika ukurasa witiri, nyamaza, subiri waseme wenyewe nini kinafuata, ndo ufunue. Maswali ya ufahamu yaache mpaka siku ya pili, ukiuliza "hadithi hii inatufundisha nini" dakika ileile umezima moto kwa maji.

Baadaye toa kopi ya kurasa mbili tatu viputo vikiwa vitupu na uwape wajaze. Ukurasa wa 12 ni mzuri sana kwa hili, kuku hajasema chochote kitabu kizima, sasa waache wamwandikie. Hapo utajua nani anaandika silabi vizuri na nani bado, bila mtihani.

Kama una mpango wa kuuza kwa shule na sio kutumia darasani kwako tu, Tanzania kuna utaratibu wa ithibati (kibali cha vitabu vya shule) wa TET, yaani Taasisi ya Elimu Tanzania, na Kenya ni KICD, taasisi yao ya mitaala, na ISBN Tanzania inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Kwa kopi 30 za darasa lako huhitaji yote hayo.

Zile masta nane zihifadhi zikiwa zimelala kwenye faili la plastiki, usizikunje, na andika namba ya karatasi nyuma kwa penseli. Muhula ujao utatoa kopi nyingine, maana hizi zitarudi bila jalada.